Bandika Kwanza, Chuma Baadaye

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita kwenye mkutano wa wanawake na wazazi wa mtaa wetu hapa Tabata. Wengi hamkuweza kufika, wengine mlikuwa msibani, wengine kazini, na mmeiomba. Naiweka yote kama nilivyoisema.

Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, na kina baba mliokubali kukaa kwenye kikao cha mambo ya mboga, asanteni kwa kuja.

Wengi mnanifahamu. Nimepika kwenye harusi zenu, nimepika kwenye maulidi na kwenye misiba yenu. Kwa hiyo sikuja kumfundisha mtu kupika wali. Nimekuja na jambo moja tu, na nitalizunguka mpaka tuelewane.

Niwaulize kwanza. Ni wangapi humu mna kitu chochote cha kula kinachoota nyumbani, hata shina moja la mchaichai pale bombani? Nyoosheni mikono. Mnaona? Zaidi ya nusu ya ukumbi. Haya, shusheni. Sasa ni wangapi jana mlipika kitu kilichotoka kwenye hiyo bustani? Mbona mikono imepungua?

Hapo ndipo penye neno langu la leo. Kupanda tunajua. Dar es Salaam imepanda tangu zamani. Wazee mliopo hapa mnakumbuka mwaka 1974, baada ya ukame, serikali ilipotangaza Kilimo cha Kufa na Kupona, na watu wa mjini wakaambiwa kila kipande cha ardhi kilicho wazi kilimwe. Mihogo na mahindi vilisimama mpaka pembeni mwa ofisi. Basi kupanda si kugeni kwetu. Kinachotupotea ni namna ya kupika kutoka bustanini. Tunapanda mchicha wetu, halafu tunaupika kama vile tumeununua gengeni. Tunauchuma asubuhi tukifagia uwanja, tunauweka kwenye friji, tunaupika saa moja usiku. Sasa tulipanda ili iweje?

Mimi nilikulia Magomeni, kwenye nyumba ya Kiswahili. Wenyeji wa Magomeni, Ilala na Kariakoo mnaijua nyumba hiyo: vyumba vitatu huku, vitatu huku, ukumbi katikati, na nyuma ua. Kwenye ua wetu palikuwa na mndimu, mpilipili mbuzi uliozeeka, mchaichai kando ya bomba ambako maji yanamwagika, mchicha kwenye tuta dogo, na mrehani ambao bibi aliutunza kwa ajili ya kikuba zaidi kuliko kwa ajili ya chungu. Bibi alikuwa na amri moja ambayo hakuna mtoto aliyethubutu kuivunja. Hakuna kuchuma kabla moto haujawaka. Nazi inakunwa, tui linakamuliwa, la kwanza linawekwa kando, la pili linaingia chunguni. Kitunguu kimelainika, nyanya zimeiva, chungu kinatokota. Hapo ndipo anaita, "Haya, nendeni mkachume." Tunakimbia na ungo, tunarudi, mchicha unaoshwa, unakatwa, unaingia.

Bandika kwanza, chuma baadaye. Semeni na mimi. Bandika kwanza, chuma baadaye!

Kwa nini? Kwa sababu jani likishatengana na shina bado lina uhai. Linaendelea kupumua, linakula sukari yake lenyewe, linapoteza maji. Utamu ule unaousikia kwenye jani changa unaliwa na jani lenyewe kabla yako. Vitamini C nayo ni ya kwanza kwanza kupungua. Na kwa joto letu hili la pwani, mambo hayo yanakwenda haraka.

Fuateni safari ya fungu moja la mchicha wa gengeni. Umechumwa jioni huko Bunju, au Kitunda, au Kigamboni. Umelala kwenye tenga. Alfajiri umepakiwa kwenye bodaboda kwenda soko la Ilala. Umegawanywa, umepanda daladala na mama wa genge, umepangwa mezani, umenyunyiziwa maji mchana kutwa ili usimame. Wewe unaununua ukitoka kazini. Sisemi ni mchicha mbaya. Mchicha huo umetulea, na wakulima wake wanaamka kabla ya adhana ya alfajiri ili sisi tule. Ila mwenye ndoo ya mchicha mlangoni kwake ana kitu ambacho huwezi kukinunua Ilala wala Kariakoo kwa bei yoyote. Ana dakika tano kati ya shina na sufuria.

Na mchicha wa dakika tano haupikwi kama mchicha wa jana! Jani ni changa, bado limejaa maji yake. Ukilichemsha robo saa, umelirudisha gengeni kwa mikono yako mwenyewe. Osha likiwa zima, ndipo ukate. Kitunguu, nyanya, tui jepesi lichemke, tia mchicha, geuza. Dakika mbili, tatu. Mimina tui zito, koroga bila kuacha tui lisikatike, likianza tu kuchemka, epua. Basi. Na nawasihi, wale mnaochemsha mchicha kwanza kisha mnamwaga maji ya kijani, acheni. Vitamini C na foleti zinayeyuka kwenye maji. Mama mjamzito anaandikiwa foleti kliniki, halafu nyumbani tunaimwaga kwenye sinki.

Magadi nayo. Najua mlenda bila magadi wengine hamuuelewi, na sitagombana na mtu wa Singida au Dodoma juu ya mlenda wake. Lakini kwenye mboga nyingine za majani, magadi yanalainisha na kuuwa vitamini C kwa wakati mmoja. Mboga iliyochumwa sasa hivi tayari ni laini. Unaitia magadi ya nini?

Sasa nisikieni vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokosea wakishaipenda bustani. Bandika kwanza, chuma baadaye ni njia ya majani mengi, lakini majani hayana tabia moja. Yako yanayotaka kusubiri, na liko moja linalotaka moto mrefu usiofanyiwa mzaha.

Chukueni matembele. Matembele ukiyachuma na kuyatupa sufuriani palepale yanakuwa na utelezi. Wanawake wa pwani wanayaanika juani kidogo mpaka yanyauke, ndipo wanayakata na kuyaunga kwa nazi. Kwa hiyo matembele chuma asubuhi, anika, mchana upike. Hayo ndiyo yake.

Halafu kisamvu. Tulikuwa msibani Kigogo, tunapika chakula cha waombolezaji, kijana mmoja mchangamfu wa mjini akaja na majani ya mhogo aliyochuma kwao. Mazuri, machanga, ya kijani yanayong'aa. Akayakatakata kwa kisu kama sukuma wiki, akashika karai la mafuta, anataka kuyakaanga haraka yabaki na rangi yake. Mama mmoja mtu mzima akamshika mkono. Hakumfokea. Akamkalisha kwenye kinu, akampa mchi, akamwambia atwange mpaka aone majani yamekuwa uji, kisha wakakibandika kisamvu, sufuria wazi, kikachemka muda mrefu hata watu wakaanza kuulizia chakula.

Mama yule alikuwa sahihi kabisa, na sababu yake inaelezeka. Majani ya mhogo yana sumu ya sianidi iliyofungwa ndani. Ukiyatwanga, kimeng'enya cha jani lenyewe kinaifungua. Ukiyachemsha muda mrefu bila kufunika, inatoka na mvuke. Kukata kwa kisu na kukaanga haraka hakutoshi. Sasa hivi kuna watu wanahimiza kila kitu kiliwe kibichi, kila jani lisagwe kwenye blenda linywewe asubuhi. Ndugu zangu, jani la mhogo si la blenda. Naomba neno hili mlifikishe kwa vijana wenu.

Twende kwenye viungo vya majani, maana hapo ndipo bustani ndogo inapomzidi hata mwenye shamba. Giligilani, ile wengine mnaiita kotimiri, harufu yake yote ni mafuta mepesi yanayoruka kwenye joto. Ukiitia mwanzoni, jirani ndiye anayeifaidi, anainusa dirishani. Wewe unakula vijiti. Mchaichai ni kinyume chake. Jani lake ni gumu, linahitaji muda. Lifunge fundo, litie mapema kwenye maji ya chai au kwenye tui la wali, ulitoe mwishoni. Pilipili mbuzi ya mtini, nzima, na kikonyo chake, iache ielee juu ya mchuzi. Usiipasue. Inatoa harufu yote na ukali kidogo tu, na watoto wanakula pamoja nanyi bila kulia.

Kuna mama lishe mmoja Buguruni, karibu na pale ninapopandia daladala. Maharage yake ni maharage tu, ya nazi, kama ya mama lishe wote. Lakini foleni iko kwake. Nikakaa siku moja nikamtazama. Ana madumu ya lita tano aliyoyakata ubavu, yamening'inia kwenye nguzo za banda, yana giligilani. Mteja akishapakuliwa, sahani ikiwa inatoa moshi, anageuka, anakata matawi mawili kwa mkasi, anayanyunyiza juu. Mteja anaondoka na harufu puani. Nilimuuliza kama anainunua mbegu dukani. Akaniambia ni giligilani kavu ya kupikia pilau, anaiponda kidogo tu mbegu ipasuke vipande viwili, anaifukia, anasubiri wiki moja au zaidi kidogo. Anaiweka ipate jua la asubuhi tu, kwa sababu kwenye jua kali inakimbilia kutoa maua. Kila baada ya muda mfupi anapanda dumu jingine, asije akakosa. Mnaona biashara hiyo?

Ndugu zangu, kuna sehemu nyingine ya jambo hili nisingependa tuipite kama kionjo tu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Karibu nusu! Tazameni kulia, tazameni kushoto. Sisemi mchicha peke yake unamaliza tatizo hilo. Malaria yamo, minyoo imo, na mwenye dalili aende kituo cha afya. Lakini wengi wetu tunakula mboga za majani zenye madini ya chuma na mwili haupati, kwa sababu ya vitu vidogo viwili tunavyovifanya mezani.

Kimoja ni chai. Chai ya rangi pamoja na chakula inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Iacheni ikae saa moja mbali na mlo. Kingine ni ndimu. Ndimu ikikamuliwa juu ya mboga baada ya kuepua, ile vitamini C yake inasaidia madini ya chuma ya kwenye majani yapokelewe. Baada ya kuepua, sio kabla! Na ile desturi yetu ya kuunga mboga kwa nazi au kwa karanga, msimruhusu mtu awaambie ni ya kizamani. Majani ya kijani yana asili ya vitamini A, na hiyo haipokelewi vizuri mwilini bila mafuta kidogo. Tui la mboga lina kazi. Lina kazi kubwa.

Sasa, mboga imetoka wapi? Hili ni swali zito kwa mji wetu. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapita katikati yetu, unaingia baharini pale daraja la Salenda. Njiani unapokea maji ya viwanda, ya gereji na ya vyoo. Watafiti wamepima mboga zilizomwagiliwa maji ya bonde hilo na kukuta risasi na madini mengine mazito. Na madini hayo, tofauti na tope, hayatoki kwa kuosha, kwa sababu mengine yamepanda kutoka kwenye mizizi na yako ndani ya jani. Chumvi haiyatoi. Siki haiyatoi. Hii ndiyo sababu nasema kila anayeweza kuwa na ndoo yake awe nayo, angalau ajue udongo wake na maji yake.

Lakini ujue kweli! Usije ukapanda mchicha pale ambapo palikuwa na fundi betri. Usipande chini ya ukuta wa zamani unaobanduka rangi. Usichukue pipa lililobeba dawa au kemikali ukalifanya bustani, hata ulioshe mara ngapi. Tafuta ndoo iliyobeba mafuta ya kula au chakula kingine. Ukitumia dawa ya wadudu ya dukani, soma siku za kusubiri kabla ya kuchuma, kwa sababu hapa hakuna safari ya siku mbili. Wewe unachuma na kula dakika ileile. Kwa vidukari kwenye kunde na figiri, mimi natwanga majani ya mwarobaini, naloweka usiku kucha, nachuja, natia sabuni ya kufulia kidogo sana ili ishike, napuliza jioni. Siku ya kuchuma unaosha vizuri. Maji ya kuoshea mchele mwagilieni. Maji ya sabuni nyingi, hapana. Samadi ya kuku ikae kwanza ipoe na ioze, usiitie mbichi, inaunguza mizizi na ina vijidudu.

Najua swali lililoko vichwani. "Mimi ni mpangaji. Chumba kimoja na baraza, na mwenye nyumba mkali. Bustani nitaiweka kichwani?" Nakuelewa. Lakini mpangaji hahitaji bustani, anahitaji majani yanayoingia sufuriani mwishoni. Huyo asihangaike na kabichi. Apande giligilani, mchaichai, mnanaa, pilipili moja, na kiroba kimoja cha matembele au mchicha. Mnanaa hata mbegu hauhitaji; fungu la sokoni, toa vijiti viwili, viweke kwenye glasi ya maji mpaka vitoe mizizi. Kiroba cha salfeti kijazwe udongo wetu huu wa mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza na majani makavu, kitobolewe pembeni, kila tundu shina. Ukihama unahama nacho. Mwenye nyumba akiletewa bakuli la matembele ya nazi mara moja kwa wiki, nimeona wakali wengi wakilainika.

Jambo moja naliomba kwa mkazo. Msiweke visahani vya maji chini ya makopo na ndoo zenu. Tulipata mlipuko wa homa ya dengue jijini mwaka 2014, ukarudi 2019. Mbu wake anataga kwenye maji yaliyotuama, hata kisahani tu, na anauma mchana. Toboa ndoo chini, maji yapite, weka kokoto. Kivumbasi panda, kwa harufu na kwa chai yake, lakini kivumbasi hakifuti kazi ya kumwaga maji yaliyotuama.

Na watoto wapewe kazi ile niliyopewa mimi. Si kumwagilia tu, maana huko wanatumwa kama adhabu. Wapewe kuchuma, tena chungu kikiwa kinatokota na mama anasubiri. Mtoto aliyekimbia na ungo, akachagua majani mwenyewe, akayaona yanaingia, hapo mezani anataka kujua kama yameiva sawasawa. Wazazi wa watoto wanaokataa mboga, jaribuni hili kabla ya fimbo na kabla ya soda.

Mvua za vuli zinakaribia, na ndugu Mwenyekiti ameniruhusu nitumie meza ile ya mlangoni. Pale nimeleta marando ya matembele, yamekatwa leo asubuhi, yamefungwa kwenye magazeti yaliyoloweshwa. Kila mmoja achukue yanayotosha kiroba chake. Ukifika nyumbani yaweke kivulini, usipande na jua hili. Panda jioni, fukia vifundo viwili au vitatu vilale chini ya udongo, ncha ibaki nje, mwagilia asubuhi na jioni wiki ya kwanza. Yakishashika na kuanza kutambaa, chuma ncha tu, yatachipua tena. Pembeni kuna mbegu za mchicha kwenye karatasi. Hizo zimwage juu juu, funika kwa nyasi kavu au makuti sisimizi wasizibebe, na zikiota tu ondoa nyasi. Wiki tatu au nne, utakuwa unachuma. Wenye maswali ya kisamvu na ya mwarobaini njooni hapa mbele, wengine piteni mezani, na wazee wapishwe kwanza.